Baba Yupo, Karo Haipo

Mapema muhula huu mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alibisha mlango wa ofisi yangu akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Hakuja kuniuliza habari za fonolojia, wala hakuja kuomba nimwongezee siku za kukamilisha kazi niliyowapa. Alikuwa ameandika barua ya kupinga kiwango cha msaada wa masomo alichopewa na mfuko mmoja wa ufadhili, na alitaka niipitie kabla hajaituma. "Daktari," akaniambia huku akiitazama sakafu, "wamesema baba yangu ana uwezo. Ni kweli anao. Lakini uwezo wenyewe haujapata kufika kwetu."

Nilimwomba aketi, nikaisoma. Barua ilieleza kwamba wazazi wake walitengana akiwa darasa la tatu. Kwamba babake ana kazi ya mshahara na familia nyingine mjini. Kwamba mamake huuza nguo za mitumba, na ndiye aliyemlipia karo tangu hapo, akisaidiwa na mjomba. Waliokadiria mahitaji yake walikuwa wameujumlisha mshahara wa baba na kipato cha mama, wakapata nyumba moja ya watu wa hali ya kadiri. Nyumba hiyo ilikuwapo katika hesabu tu. Waliotajwa humo hawakuwa wamekula sahani moja kwa miaka kumi.

Nakiri kwamba barua hiyo ilinichoma, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuketi upande wa pili wa meza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwanakamati wa hazina ndogo ya basari katika chuo ambacho sitakitaja. Tulikuwa watu watano, na mbele yetu mlikuwa na rundo la maombi zaidi ya mia moja ya kumalizwa alasiri moja. Fedha zilikuwa haba, na palipo na uhaba kila mwanakamati hutafuta sababu ya kukataa kabla ya kutafuta sababu ya kukubali. Aliingia msichana wa mwaka wa tatu, mwanafunzi wa ualimu. Nilimuuliza kama babake yu hai. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama anafanya kazi. Akasema ndiyo, ameajiriwa. "Basi mbona hakulipii karo?" Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hawaishi naye. Nikamtaka anionyeshe cheti cha talaka.

Hakuwa nacho, na hakingeweza kuwapo. Wazazi wake walikuwa wameoana kimila na kuachana kama wanavyoachana wengi katika nchi hii: mama alifunga sanduku, akawachukua watoto watatu, akapanda matatu. Hapakuwa na hakimu, hapakuwa na karani, hapakuwa na muhuri. Niliandika pambizoni mwa fomu yake, kwa mwandiko wangu huu huu, kwamba baba yupo na ameajiriwa, kwa hivyo ombi halikubaliki. Msichana yule aliahirisha masomo mwaka mzima. Niliyasikia hayo baadaye kutoka kwa wenzake. Aliporudi tulikutana ukumbini, akaniamkia kwa heshima zote, "Habari ya asubuhi, Daktari," akapita. Ingekuwa afadhali kama angenitukana.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, msomaji aniwie radhi nikitua hapo kidogo. Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali, na kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza amewahi kuchapiwa alama nyekundu kwa kuvichanganya: -po kwa mahali palipo dhahiri, -ko kwa mahali pasipo dhahiri, na -mo kwa ndani. Isitoshe, "yupo" limepanuka likachukua maana ya kuwako duniani, kutokuwa marehemu. Swali langu kwa msichana yule lilikuwa la "yupo" kwa maana hii ya pili. Alinijibu sawasawa. Kosa ni kwamba nililichukua jibu lake nikalitumia kujibu swali jingine ambalo sikuwa nimeliuliza kabisa, yaani je, baba huyo anatoa? Baba alikuwapo duniani, alikuwako kazini, na alikuwamo katika fomu. Pale karo ilipolipwa ndipo alipokosekana, na mahali hapo fomu haikuwa na kiambishi chake.

Mzazi na mlezi nayo ni maneno mawili, moja limetokana na kuzaa na la pili na kulea, na wahenga hawakuyachanganya waliponena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea mwana. Fomu nyingi za misaada ya masomo huuliza kwa urefu juu ya mzazi na huuliza juu ya mlezi iwapo tu mzazi amekufa. Yatima ana cheti cha kifo cha kuambatisha. Mtoto wa wazazi walioachana hana cha kuambatisha isipokuwa maneno yake mwenyewe, na maneno ya mhitaji, sote twajua, hupimwa kwa mizani ya shaka.

Neno talaka lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, nalo limekuja na taratibu zake. Muislamu aliyeoa na kuacha kwa utaratibu anaweza kuwa na karatasi ya kadhi ya kuonyesha. Waliofunga ndoa kanisani au mbele ya msajili wa serikali, wakiachana kisheria, hupewa amri ya mahakama. Lakini neno linalosimulia maisha ya Wakenya wengi si talaka, ni kutengana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilizikusanya ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu chini ya sheria moja, na ikataka hata ndoa za kimila zisajiliwe. Hilo ni jema. Lakini ndoa ngapi za kimila ziliishi na kufa bila kusajiliwa? Asiyekuwa na cheti cha ndoa atakitoa wapi cheti cha talaka?

Kulikuwa na wakati ambapo mambo haya hayakumhusu mtu yeyote chuoni. Serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa mikopo ya elimu ya juu mwaka 1952 kwa ajili ya wachache waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 serikali ya Kenya huru ikaanza mpango wa mikopo kwa wanafunzi wake waliokuwa Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Waliosoma miaka hiyo hupenda kutusimulia, wakati mwingine zaidi ya tunavyotaka kusikia, jinsi walivyolala na kula kwa gharama ya umma na kupewa posho juu yake. Hakuna aliyewauliza kama baba na mama wanasemezana. Hali ilibadilika mwaka 1991 serikali ilipoanza kugawana gharama na wanafunzi, na mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo sote twaiita HELB. Tangu karo iwe mzigo wa nyumbani ikawa lazima nyumba yenyewe ichunguzwe: nani yumo, anapata nini, ana watoto wangapi wanaosoma. Kizazi changu kilijaza fomu za karatasi zenye nafasi ya muhuri wa chifu na sahihi ya kamishna wa viapo, na tukazipeleka wenyewe Anniversary Towers. Nakumbuka nafasi iliyotengewa baba ilikuwa pana sawasawa na ya mama, kana kwamba mchango wao nao ni lazima ulingane.

Mei 3, 2023, Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya wa ufadhili, uliogawanya gharama ya kila mwanafunzi katika ufadhili wa serikali, mkopo, na mchango wa familia. Mwanzoni wanafunzi walipangwa katika makundi manne kulingana na mahitaji. Mwaka 2024 makundi hayo yakageuzwa kuwa madaraja matano. Wa daraja la kwanza, yaani maskini kabisa, alitengewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na familia yake ikatakiwa kutoa asilimia 5. Wa daraja la tano alipata ufadhili wa asilimia 30, mkopo wa asilimia 30, na familia ikabebeshwa asilimia 40. Tuchukue kozi inayogharimu Sh200,000 kwa mwaka, kwa mfano tu. Familia ya daraja la kwanza italipa Sh10,000. Ya daraja la tano italipa Sh80,000. Tofauti ni Sh70,000 kila mwaka, na kwa shahada ya miaka minne ni Sh280,000. Kwa mama wa mitumba hiyo ni biashara nzima pamoja na kibanda chake.

Ukadiriaji huo ulifanywa kwa kuoanisha habari nyingi, na wanafunzi wengi walilalamika kwamba walijikuta katika madaraja wasiyoyatambua. Agosti na Septemba 2024 malalamiko yaligeuka kuwa maandamano na vitisho vya mgomo. Rais akaunda kamati ya kuuchunguza mfumo, na walioona wamewekwa daraja lisilo lao wakaambiwa wakate rufaa. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, na serikali ikakata rufaa. Mimi si mwanasheria na sina nia ya kuwatangulia majaji. Niseme tu kwamba mfumo huu ubaki au uondoke, maadamu kutakuwa na mchango wa familia, patakuwa na haja ya kuamua familia ni nini. Hilo halikuanza mwaka 2023, na wala halitaisha kwa hukumu yoyote.

Sasa nije kwenye hoja ambayo wanakamati wenzangu walinieleza wakati ule, na ambayo siwezi kuipuuza hata leo. Tukianza kuwaondoa katika hesabu akina baba wasiotoa, je, hatutakuwa tumewapa zawadi? Mwanamume anayekimbia wajibu wake atafurahi kusikia kwamba serikali imekubali rasmi kuwa hayumo. Mwenzake anayejinyima ili amlipie mwanawe atajiona mjinga. Na tusidanganyane: wako watu ambao wangetengana kwenye karatasi Januari ili wapate ufadhili Septemba, huku wakiendelea kulala kitanda kimoja. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema waziwazi, katika Ibara ya 53, kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi, na kwamba wajibu huo ni wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Kwa nini basi mlipa kodi abebe mzigo ambao Katiba imemtwika baba?

Ni hoja nzito. Lakini itazame vizuri uone ni nani anayeadhibiwa. Baba aliyekataa kutoa karo haathiriki hata kidogo mwanawe anaponyimwa ufadhili. Hakuwa akitoa jana, na leo hatoi. Anayeumia ni mtoto, na pamoja naye yule mzazi ambaye alikuwa akitoa. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na hapa tumeongeza kitu kipya: nyasi zinatozwa faini ya vita. Kama dola inataka kumfuata baba, inamjua alipo kuliko mwanafunzi amjuavyo. Ina namba yake ya kitambulisho, ina rekodi za kodi yake, inao uwezo wa kukata mshahara wake mahakama ikiamuru. Mwanafunzi ana namba ya simu ambayo hulia bila kupokewa.

Tena sheria inajikunja papo hapo inapohitajika inyooke. Mtoto, kwa mujibu wa Katiba, ni aliye chini ya miaka 18. Wanafunzi wengi wa chuo kikuu wamekwisha kuuvuka umri huo wanapoijaza fomu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inairuhusu mahakama kuuongeza wajibu wa wazazi kupita umri wa miaka 18 pakiwa na sababu maalumu, na mahakama zetu zimewahi kuyatambua masomo kuwa sababu hiyo. Kwa hivyo njia ipo. Lakini hebu fikiri njia yenyewe: kijana wa miaka 19, asiye na nauli ya kurudi chuoni, amshitaki babake mzazi. Ashinde kesi, kisha? Nani atasimama naye siku ya kutolewa mahari ya dada yake? Nani atamwonyesha mpaka wa shamba? Watunga sera hupenda kusema kwamba milango ya mahakama i wazi. Ni wazi, naam, lakini si kila mlango ulio wazi mtu anaweza kuuingia na kutoka akiwa bado mwana wa watu wake.

Si sisi pekee tuliokabwa na swali hili. Marekani, ambako baadhi ya wanafunzi wetu huenda kusoma na ambako wazazi kuachana ni jambo la kawaida katika takwimu za kila shule, mwombaji raia wa msaada wa serikali kuu hujaza fomu iitwayo FAFSA. Kwa miaka mingi fomu hiyo ilimtaka mwanafunzi ambaye wazazi wake wameachana na hawaishi pamoja aeleze habari za mzazi mmoja tu, yule aliyeishi naye zaidi katika miezi kumi na miwili iliyotangulia. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2024–25 kanuni ilibadilishwa: sasa ni yule aliyemtunza zaidi kwa fedha. Huyo akiwa ameoa au kuolewa tena, kipato cha mwenziwe mpya nacho huhesabiwa. Vyuo kadhaa vya binafsi hutumia fomu nyingine ya ziada ambayo humdai hata mzazi wa upande wa pili, na huko ndiko vilio vinakotoka, ingawa mwanafunzi anaweza kuomba asamehewe sharti hilo akieleza sababu. Zaidi ya hayo, ofisa wa misaada chuoni ana mamlaka ya kisheria ya kuirekebisha hesabu ya mwanafunzi mmoja mmoja akionyeshwa ushahidi.

Sisemi tunakili. Kanuni yao mpya ina mashimo yake: mama aliyejinyima hadi akawa ndiye mtoaji mkubwa huonekana ana uwezo kwa sababu tu alitoa. Ninachokipenda ni umbo la swali. Wao wameacha kuuliza nani yupo, wakauliza nani ametoa. Swali la pili linajibika kwa risiti.

Risiti! Hapo ndipo penye faida kwa wanafunzi wanaousoma ukurasa huu, na nitalisema bila kuzungukazunguka. Anayetaka kuhoji kiwango cha msaada aliopewa huanza kwa kulia, kisha huandika maisha yake yote tangu kuzaliwa, na mwishoni husahau kusema anataka nini. Barua yangu ya kwanza kuisoma ya aina hiyo ilikuwa ya kurasa sita. Msomaji aliye ofisini ana dakika chache. Mwambie katika aya ya kwanza ulipewa nini, kosa liko wapi katika hesabu, na unaomba nini badala yake. Kisha thibitisha. Stakabadhi za karo za miaka minne ya shule ya upili, zikionyesha jina la aliyelipa benki au namba ya simu iliyotuma fedha, zina nguvu kuliko kiapo chochote, kwa kuwa ziliandikwa wakati ambapo hakuna aliyejua zingehitajika. Taarifa ya M-Pesa ya mama nayo ni shahidi. Kama kuna amri ya mahakama au karatasi ya kadhi, iambatishe. Kama hakuna, mwende pamoja na mama kwa kamishna wa viapo, mseme tangu mwaka gani hamwishi na baba na nani amekuwa akilipa nini.

Na useme kweli yote. Kama baba hutuma Sh2,000 kila Krismasi, ziandike hizo Sh2,000. Mwenye kuzificha akigunduliwa, hata yale makubwa aliyoyasema kwa haki hayatasadikiwa tena.

Usione haya kuomba sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu zilizoandikwa, na Bunge likatunga sheria ya kuitekeleza mwaka 2015. Nimewasikia walimu wenzangu wakiwaambia vijana kwamba kuhoji msaada ni utovu wa shukrani, kwamba mpewa hachagui. Methali ya namna hiyo inafaa karamuni. Fedha za umma si karamu ya mtu, na anayeuliza jinsi zilivyogawanywa hajamkosea adabu mwenyeji.

Barua ya chifu ni kisa kingine. Fomu hudhani kwamba chifu anawajua watu wake, na kijijini huenda ni kweli. Lakini mama aliyetengana na mumewe aghalabu huondoka katika eneo la chifu huyo. Huenda kupanga chumba Kayole au Mishomoroni au Nyalenda, ambako chifu ana maelfu ya wapangaji wanaohama kila mwisho wa mwezi na hawezi kuwajua kwa sura. Chifu anayemjua mwanafunzi kwa jina la ukoo ni wa kwao baba, naye atakachokithibitisha kwa moyo mweupe ni kwamba fulani ni bin fulani, na kwamba babake ni mtu mashuhuri mwenye ng'ombe. Nimeiona barua kama hiyo. Iliandikwa kumsaidia mwanafunzi, ikamwangusha.

Ndiyo maana nawageukia walimu wa shule za upili. Ninyi mnajua. Mnajua nani alikuja siku ya wazazi na nani hakuja kwa miaka minne. Mnajua simu ya nani hupigwa mwanafunzi akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mwalimu wa darasa akiandika nusu ukurasa mwanafunzi anapomaliza kidato cha nne, kwamba katika muda wote huu aliyeshughulikia masomo ya kijana huyu ni fulani, na mwalimu mkuu akaweka muhuri, karatasi hiyo itamfaa kuliko tuzo ya nidhamu. Sidhani ni kazi kubwa mno. Miaka miwili baadaye huenda mwalimu mwenyewe amehamishwa na hakuna anayekumbuka.

Nakwepa kusema lolote kuhusu fedheha, na nimekwepa kwa makusudi, kwa sababu ndilo lililonisumbua zaidi. Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini wahenga walimfikiria mtu anayeamua mwenyewe kuuvua uchi wake mbele ya mkunga. Hawakumfikiria msichana wa miaka 21 akiwaeleza watu watano asiowajua, mmoja wao akiwa mhadhiri wake, kwa nini babake alimfukuza mamake usiku. Tulimuuliza hata hilo. Halikuwa na uhusiano wowote na karo. Tuliuliza kwa sababu tulikuwa na mamlaka ya kuuliza.

Kwa hiyo nilipoisoma barua ya kijana huyu wa mwaka wa kwanza nilifika ukurasa wa pili nikakuta aya nzima juu ya ulevi wa babake na siku ambayo polisi waliitwa. Ilikuwa aya nzuri kuliko zote, kwa kipimo cha uandishi. Nilimuuliza kwa nini ameiweka. Akasema alidhani bila hiyo hawataamini.

"Mama anajua umeiandika?"

Akatikisa kichwa.

Tuliifuta. Mahali pake tuliweka jedwali dogo: mwaka, muhula, kiasi kilicholipwa, aliyelipa, namba ya stakabadhi. Mama alikuwa amezihifadhi zote, tangu darasa la tatu, katika mkebe wa biskuti. Ziliingia mistari thelathini na miwili. Jina la baba lilionekana katika mmoja, wa kidato cha kwanza, Sh4,500, na tuliuacha mahali pake. Kisha nikaandika barua yangu ya kumuunga mkono. Nilieleza kwamba niliwahi kuwa katika kamati ya aina hiyo, na kwamba niliwahi kumkataa mwombaji wa hali kama hii kwa kukosa cheti ambacho hakikuwapo duniani, na kwamba nilikosea. Kijana aliisoma, akanitazama, hakusema neno. Akazitia karatasi zote katika bahasha yake ya kaki, akaniuliza kama najua mahali pa kutoa nakala kwa bei nafuu kuliko pale langoni, kwa kuwa zilikuwa kurasa nyingi.